Jicho Litangulie Mguu



Juma hili nilikusudia kueleza namna ya kuhifadhi ndagala wakati wa mvua, kama nilivyoahidi katika toleo lililopita. Naomba radhi. Ndagala watangoja, kwa kuwa limetokea jambo mlangoni kwangu ambalo halifai kungoja, nami nadhani lahusu kila nyumba yenye ndugu ng'ambo ya mpaka.

Hapa Jabe tumepata mgeni kutoka Kigoma. Ni binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka tisa, aliyekuja kukaa nasi wakati wa likizo. Ni mtoto mwenye adabu, hupiga magoti anapowaamkia wakubwa, na shuleni kwao husifiwa kwa kushika anayofundishwa. Asubuhi ya siku yake ya tatu nilimtuma mkate dukani, ng'ambo ya barabara. Nilisimama kizingitini nikimtazama. Alipofika ukingoni alisimama, kama inavyotakiwa. Akageuza uso upande wa kulia, akaona njia ni nyeupe, akainua mguu.

Teksi ilitoka kushoto. Fundi wa baiskeli, aketiye pale kila siku na pampu yake, alimdaka mtoto mkono na kumvuta nyuma. Gari lilipita karibu hata likapeperusha kanga aliyojifunga. Sarafu za mkate zilitawanyika barabarani.

Nilipomfikia nilitaka kumkemea, maana hofu ya mzazi hutoka kinywani kwa sura ya hasira. Yeye akanitangulia kwa sauti ya kutetemeka: "Mama mdogo, mbona nilitazama? Mwalimu alituambia tutazame kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena."

Ndugu msomaji, maneno yale yaliniziba mdomo. Mtoto hakuwa mtukutu wala mzembe. Alikuwa ametii. Somo lililomlinda Kigoma miaka yote lilikaribia kumwua Jabe, na mimi mwenyeji wake, niliyemwonyesha kisima, choo na msikiti, sikukumbuka kumwonyesha barabara.

Tuanze basi na asili ya jambo lenyewe. Katika Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uganda, magari hupita upande wa kushoto wa njia. Katika Burundi, kama ilivyo Rwanda na Kongo, hupita upande wa kulia. Hakuna mzee wa ukoo aliyekaa barazani akaamua hivyo. Hadi mwaka 1916 Burundi na Tanganyika zilikuwa chini ya mtawala mmoja, Mjerumani. Katika vita vya kwanza vya dunia Wabelgiji waliingia huku, Waingereza wakashika kule, na baadaye Shirikisho la Mataifa likathibitisha mgawanyo huo. Mbelgiji alileta desturi ya kwao ya kupita kulia, naye Mwingereza akaweka ya kwao ya kupita kushoto. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, na Tanganyika mwaka mmoja kabla yake, kila nchi iliendelea na upande ilioukuta.

Mpaka uliowekwa ulipita katikati ya watu wenye kusikilizana. Bugufi, nchi ya Ngara ilipo Kabanga, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya kuwekwa upande wa Tanganyika. Hata leo Mhangaza wa Kabanga na Mrundi wa Kobero huamkiana bila mkalimani. Bali magari yao, yakifika hapo, hayana budi kuhama upande.

Nilikwenda kwa jirani yetu, dereva wa malori aliyesafiri miaka mingi kati ya bandari ya Dar es Salaam na Bujumbura, nikamwuliza kama jambo hili huwasumbua hata wao wenye perimi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita leseni. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Dada," akaniambia, "pale mpakani hapana hatari. Pale kila mtu yu macho, kuna askari, kuna vibao, kuna foleni. Hatari huja baadaye. Umekula, umelala kidogo garini, umeamka alfajiri, barabara haina gari hata moja la kukukumbusha. Unaondoka kituo cha mafuta, na mikono yako inageuza usukani kule ilikozoea. Akili imeshavuka mpaka, mikono bado iko nyuma."

Alinieleza kuwa yeye na utingo wake wana desturi. Kila wanapoondoka mahali waliposimama ndani ya Burundi, utingo husema kwa sauti, "Kulia!" naye hujibu, "Kulia!" Wakiwa Tanzania, husema, "Kushoto!" Vijana huwacheka. Yeye huwajibu kwamba kuchekwa si kuzikwa.

Kisha akanionyesha mambo mengine ambayo mtu wa nyumbani hayajui, na ambayo kila abiria yampasa kuyafahamu.

La kwanza ni taa za kuonyesha. Kisheria, taa ile hueleza kwamba gari linataka kugeuka au kuhama upande. Lakini madereva wa masafa wana lugha yao isiyoandikwa. Katika Tanzania, lori lililo mbele likiwasha taa ya kulia kwenye njia iliyonyooka, linamwambia aliye nyuma, "Usinipite, kuna gari linakuja." Likiwasha ya kushoto, linamwambia, "Pita, njia ni nyeupe." Katika nchi ya kupita kulia lugha hiyo hupinduka: ya kushoto ndiyo katazo, ya kulia ndiyo ruhusa. Fikiri basi mgeni aliye nyuma ya lori katika miteremko na kona za Bugarama. Akiona taa ya kulia akadhani amekatazwa, amepoteza dakika tu. Akiona ya kushoto akadhani amekaribishwa, huenda akapoteza roho, yake na za waliomo. Dereva mwenye busara haipiti gari kwa ushahidi wa taa ya mtu mwingine. Hupita kwa macho yake mwenyewe, au hapiti.

Katika njia hiyo hiyo ya Bugarama mgeni atakuta jambo asilolizoea. Vijana wa baiskeli, wakiisha kushusha ndizi zao mjini, hushika nyuma ya malori ili yawavute kupanda mlima. Ni desturi ya hatari, nayo imekemewa mara nyingi, ila njaa huwafanya wengi wasisikie. Kwa hiyo anayetaka kulipita lori pale asidhani nyuma yake ni patupu.

La pili ni njia ya mzunguko. Ndugu zetu wa Tanzania huiita kipilefti, na neno hilo lina kisa. Lilitokana na kibao cha Kiingereza kilichomwamuru dereva ashike kushoto. Hivyo Mtanzania akija Bujumbura husema, "Tukutane kwenye kipilefti," hali magari ya hapa huuzunguka mduara ule kwa kushika kulia! Jina halina madhara. Madhara yamo katika kupishana. Kule husemwa, "Mpishe atokaye kuliani kwako," nasi tuliorithi sheria za Kibelgiji tunasema vivyo hivyo kwa njia panda zisizo na alama. Maneno ni mamoja, matokeo ni mbalimbali. Kule, aliye kuliani kwako unapofika mzungukoni ni yule aliyekwisha kuingia. Huku, mahali pasipo na kibao, aliye kuliani kwa mwenye kuzunguka ni yule anayeingia sasa. Watu wawili waweza kushika kanuni moja neno kwa neno, wakagongana kila mmoja akiwa na haki moyoni mwake. Afadhali kutazama kibao na askari, kisha kwenda polepole.

La tatu, na hili ndilo hasa la ukurasa huu wa nyumbani, ni milango ya magari.

Magari mengi tunayopanda yalitengenezwa kwa nchi za kupita kushoto, hususan Japani, na usukani wake uko kulia. Katika Tanzania hilo ni sawa. Katika Burundi dereva wa gari la namna hiyo huketi upande wa mtaro, na akitaka kulipita lori haoni kilicho mbele mpaka awe amekwisha kutoa nusu ya gari njiani. Naye abiria wa mbele huketi upande wa katikati ya barabara, akadhani yuko mahali pa kushukia. Hufungua mlango kwa nguvu, mwendesha baiskeli akaupokea kwa kifua.

Mabasi madogo ya aina hiyo yana shida kubwa zaidi. Mlango wake wa kuvuta uko ubavuni mwa kushoto. Basi likisimama ukingoni mwa njia kule Kigoma, abiria hushukia kwenye majani. Basi lile lile likisimama ukingoni hapa kwetu, mlango hufunguka kuelekea barabarani, na abiria hushukia palipo magari. Mama mwenye mtoto mgongoni, mfuko wa mchele mkononi, na mtoto wa pili akimfuata, hushuka kinyumenyume mahali magari yanapopita kwa kasi. Nimeliona mara nyingi karibu na soko letu la Jabe, tena nimelifanya mwenyewe, bila kulifikiri hata siku moja mpaka juma hili.

Wengine watauliza, "Kwa nini nchi hizi zisichague upande mmoja, tukaondokana na taabu?" Swali ni la haki. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2013 Jumuiya ilitunga sheria moja ya uzito wa malori, kiasi kwamba lori hupimwa kwa kipimo kimoja, tani 56 zikiwa ndizo kikomo. Uzito umeunganishwa, ila upande wa kupita haujaunganishwa. Tena hesabu yenyewe imegeuka. Zamani ilionekana kama sisi na Rwanda ndio wachache. Sasa, baada ya kuingia Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, nchi tano za Jumuiya hupita kulia, na tatu hupita kushoto. Nani amfuate nani?

Kubadili upande kumewezekana kwingineko. Nigeria ilihamia kulia tarehe 2 Aprili 1972, na Ghana tarehe 4 Agosti 1974, zote mbili zikiwa zimezungukwa na majirani wapitao kulia. Sweden ilihama tarehe 3 Septemba 1967, na kabla ya siku hiyo Serikali yao iliwaelimisha watu kwa kila njia, hata alama ya mabadiliko ikachapwa kwenye pakiti za maziwa ili ionekane mezani kila asubuhi. Samoa ilikwenda kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, tarehe 7 Septemba 2009, ili wananchi wapate magari ya bei nafuu kutoka New Zealand na Australia. Huko wenye mabasi walilalamika kwa jambo lile lile ninalolisema leo, kwamba milango yao ingefungukia katikati ya barabara.

Hayo ni ya Serikali, nazo zitayaamua kwa wakati wake. Mimi nawapenda wale Waswidi kwa sababu ya zile pakiti za maziwa. Walitambua kwamba sheria ya barabara isipofika mezani haijafika. Shirika la Afya Duniani linatufahamisha kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, kwamba zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki, na kwamba hakuna kitu kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Dereva avukaye Kobero hukuta kibao cha kumwonya. Mtoto ashukaye basi kutoka Kigoma hakuti kibao. Kibao chake ni sisi.

Wala wageni wa namna hii si wachache. Ziko familia zilizorudi kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta, na watoto wao walizaliwa huko, wakajifunza kutembea huko. Kuna wanafunzi wetu waendao Kigoma na Dar es Salaam. Kuna bibi ajaye kumwona mjukuu aliyezaliwa. Mazoea yana taabu, na ya mzee ni mazito kuliko ya mtoto.

Kwa hiyo nimeandika mambo sita, nami nakuomba uyakate na kuyabandika ukutani.

Kwanza, mgeni akifika kutoka nchi ya upande mwingine, siku ile ile ya kwanza mpeleke ukingoni mwa barabara. Usimweleze ukiwa jikoni. Simama naye dakika kumi, mtazame magari pamoja, bila kuvuka.

Pili, mfundishe kuuliza swali, wala usimkaririshe upande. Swali ni hili: "Gari lililo karibu na mguu wangu latoka wapi?" Huku Burundi latoka kushoto, basi jicho lianze kushoto. Tanzania latoka kulia, basi jicho lianze kulia. Katika nchi zote mbili jicho litazame pande zote, lirudi lilipoanzia, ndipo mguu ufuate.

Tatu, mahali pasipo na njia ya miguu, tembea ukiyaelekea magari ili uyaone yakija. Katika Burundi ni kutembea kushoto, katika Tanzania ni kutembea kulia.

Nne, mlango wa basi ukifungukia barabarani, mtu mzima atangulie kushuka. Achungulie kwanza upande wa nyuma ya basi, kisha awapokee watoto mmoja mmoja na kuwaongoza ukingoni. Pasiwe na mtu wa kuvuka mbele ya basi lililosimama, lisubiriwe liondoke.

Tano, katika teksi yenye usukani wa kulia, watoto waketi na kushukia upande wa dereva, ambao hapa kwetu ndio upande wa mtaro. Aliye mbele kushoto asifungue mlango kabla ya kugeuka na kutazama nyuma.

Sita, aendaye Dar es Salaam aonywe pia juu ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Hayo yana njia zao katikati ya barabara, na huja kutoka pande zote mbili. Aliyekwisha kuvuka njia ya magari ya kawaida asidhani amemaliza kuvuka. Asimame, aulize swali lake upya.

Nirudi kwa mgeni wangu. Siku ile jioni nilimpigia simu dada yangu Kigoma. Sikumficha kitu, ingawa ulimi ulikuwa mzito. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Nashukuru kwa kuniambia. Lakini mdogo wangu, usimbadilishe mtoto akasahau ya huku. Baada ya majuma mawili atarudi, na huku barabara haijahama."

Alisema kweli, nami nilikuwa nimeanza kosa hilo. Asubuhi yote nilikuwa nikimwimbisha, "Kushoto kwanza! Kushoto kwanza!" Laiti angeondoka na wimbo ule, ningekuwa nimeipeleka hatari ya Jabe mpaka Kigoma. Ndiyo maana nikaacha kumfundisha upande, nikamfundisha swali.

Kila asubuhi tunatoka pamoja. Tunasimama kwa fundi wa baiskeli, ambaye sasa ni rafiki yake, na ambaye alikataa kupokea chochote ila chai. Mimi nasema, "Tuko wapi?" Yeye anajibu, "Tuko Jabe." Nasema, "Gari la karibu latoka wapi?" Ananyosha kidole, anatazama kushoto, anatazama kulia, anarudi kushoto. Mara nyingine huniambia, "Bado, mama mdogo," nami ninayeishi hapa naona kweli kuna pikipiki sikuiona.

Jumamosi atapanda basi kurudi kwao kwa njia ya Rumonge na Nyanza-Lac, wavuke Mugina kuingia Manyovu. Nimemwomba kondakta amkabidhi mkononi mwa mama yake mwenyewe, asimwachie kituoni. Naye mtoto nimempa kazi moja. Basi likisha kuvuka mpaka na kusimama mara ya kwanza, kabla hajagusa ardhi, ajiulize tena, "Niko wapi?"

Wasomaji walio Uvira, Ngara, Kigoma na kwingineko, niandikieni mnavyowafundisha watoto wenu jambo hili. Barua zenye mafunzo zitatolewa hapa. Juma lijalo, inshallah, tutarudi kwa ndagala.